Sura ya Saba: Mabomba Mawili Kwenye Trei

Inspekta alivua viatu mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akavaa kandambili za plastiki alizopewa, kisha akamgeukia Koplo aliyekuwa bado amesimama koridoni na mkono mmoja kwenye fremu ya mlango.

"Ingia."

"Afande, mimi nitalinda mlango."

"Mlango hauna kesi. Ingia."

Koplo akaingia shingo upande. Lilikuwa jitu la watu, futi sita na ushee, lililowahi kumfukuza mwizi wa pikipiki kwa miguu mpaka pikipiki ikaishiwa mafuta. Lakini umtajie jicho na kisu kwa pumzi moja, basi, anaanza kutafuta maji ya kunywa. Inspekta alilijua hilo, na alimleta makusudi, maana mtu mwoga wa jambo hulitazama kwa makini kuliko aliyelizoea.

Yeye mwenyewe kituoni walimwita Saa Ngapi. Mpelelezi mwingine angekuuliza umemwona nani na amefanya nini. Huyu mama alianza na saa, akarudi kwenye saa, akamaliza na saa, mpaka watuhumiwa wengine walikiri ili tu apumzike. Jina hakulichukia. Alisema ni afadhali kuliko yale waliyompa mkuu wa kituo.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu. Saa kumi jioni jalada la kesi hii lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka, na kwa jinsi lilivyokuwa limeandikwa, nesi mmoja wa chumba hiki angefikishwa mahakamani kwa kosa la kumdhuru mgonjwa kwa kusudi. Hiyo ni miaka jela, na nguo ya unesi asingeivaa tena maishani. Alikuwa mahabusu tangu Ijumaa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Jumanne iliyopita walipasuliwa wagonjwa watatu, wote kwa daktari mmoja, wote upasuaji wa aina moja. Wawili wa kwanza walitoka wazima. Wa tatu, mama mshonaji wa nguo, alipofunguliwa bandeji asubuhi yake jicho lilikuwa na ukungu mzito, limevimba, na hata taa ya tochi halioni. Daktari bingwa alisema nesi wa trei alibadilisha dawa makusudi. Akatoa na sababu: siku tisa kabla, nesi huyo alimwandikia mganga mkuu barua ya malalamiko dhidi yake, wakagombana mbele za watu. "Alitaka kunikomoa," daktari aliandika kwenye maelezo yake, kwa mwandiko mzuri.

Inspekta aliyasoma maelezo hayo mara tatu Jumapili nzima na kila mara yalimkera. Hayakuwa na kona hata moja ya kukwaruza kidole. Watu wakweli husahau mambo, huchanganya, hujirudia. Huyu daktari hakuchanganya kitu.

Aliyewapokea ni msimamizi wa chumba cha upasuaji, mzee mwembamba mwenye kofia ya kijani, aliyebakiza miezi minne astaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Sema nikusaidie nini."

"Nipangie trei kama ilivyokuwa Jumanne kwa yule mgonjwa wa tatu. Usinipangie inavyotakiwa kwenye kitabu. Ilivyokuwa."

Mzee alimtazama kidogo, akaona huyu hatanii, akanawa mikono. Alitandika kitambaa, akapanga vikoleo, mikasi midogo kama ya kuchezea watoto, na mwishoni mabomba mawili madogo ya sindano, moja kushoto, moja kulia. Koplo alikuwa tayari anatazama dari.

"Nielezee kama unavyomweleza mtoto wako," alisema Inspekta.

"Yule mama alikuwa na mambo mawili kwenye jicho moja. La kwanza, mtoto wa jicho. Lenzi ya ndani imechafuka, unaitoa, unaweka nyingine. La pili, presha ya jicho. Maji ya ndani hayapati pa kutokea, yanajaa, yanaubana mshipa wa kuonea mpaka unakufa. Hilo unalifanyia kijinjia kipya, hapa juu, chini ya ngozi nyembamba ya weupe wa jicho. Zamani tulifanya moja, mgonjwa akarudi baadaye kwa la pili. Siku hizi tunayamaliza yote mara moja."

"Na haya mabomba?"

"Mwili hauna adabu, mwanangu. Ukiona kijinjia kipya unakiziba kwa kovu. Kwa hiyo kabla ya kutoboa tunaweka vipande vya sponji pale nje, daktari anavilowesha dawa ya kuzuia kovu. Ndiyo bomba hili la kushoto, linatumika kwanza. Hili la kulia ni rangi. Inaingia ndani ya jicho, inapaka utando wa lenzi ili daktari auone anapouchana."

Inspekta aliinama. "Yote ya buluu."

"Buluu zina ukoo mkubwa." Mzee alichukua shashi nyeupe, akadondoshea tone la bomba la kulia. Lilitoka kama wino wa kalamu. Akadondoshea la kushoto. Hilo lilikuwa zambarau iliyopauka, mfano wa kanga iliyofuliwa miaka mingi. "Kwenye shashi hata kipofu atayajua. Ndani ya bomba jembamba, taa zimepunguzwa, inabidi utazame."

"Na daktari anatazama?"

"Macho yake yako kwenye hadubini muda wote. Ananyoosha mkono tu."

"Akinyoosha anasema anataka nini?"

Mzee alitabasamu, lakini si kwa furaha. "Kwake hakuna kusema. Ndiyo sheria ya chumba chake, kimya mwanzo mpaka mwisho. Visu anachukua mwenyewe. Vingine vyote, akinyoosha mkono unamwekea kinachofuata. Kinachofuata, mwanangu, siku zote ni kilekile. Wageni wakija wanasifia sana, wanasema mnakwenda kama saa."

"Vibandiko vya majina kwenye mabomba?"

"Alivipiga marufuku. Anasema vinanasa kwenye glavu. Ndicho alichokilalamikia yule binti kwenye barua."

Koplo, bila kushusha macho kutoka darini, alisema, "Basi ndiyo sababu hiyo, afande. Amelalamika hakusikilizwa, akaamua kumwonyesha. Kageuza mabomba."

"Inawezekana," alisema Inspekta. "Au dawa ilikorogwa kali?"

"Maabara wamejibu jana, afande. Mabaki ya chupa yako sawasawa."

"Kwa hiyo dawa ilikuwa nzuri, ila ilikwenda pasipo pake. Mzee, hii ya kovu ikiingia ndani ya jicho?"

Mzee aliiweka shashi chini polepole. "Inaua. Ni dawa ya kuua chembe hiyo. Nje tunaiweka dakika mbili, tunazihesabu kwa saa ya ukutani, kisha tunaosha kwa maji mengi. Ndani haioshiki."

"Dakika mbili hizo anahesabu nani?"

"Mimi. Na ninaandika."

"Kwa yule mama zilianza saa ngapi?"

Koplo alishusha macho kutoka darini na kumtazama mzee kwa huruma. Alijua kilichokuwa kinaanza.

"Saa nne na dakika arobaini na moja. Mpaka arobaini na tatu. Imo kwenye karatasi."

"Na mashine ya kunyonya mtoto wa jicho iliwashwa saa ngapi?"

"Baada ya hapo."

"Saa ngapi?"

"Hiyo haiandikwi."

"Yenyewe haijiandiki?"

Inspekta alikwenda hadi kwenye mashine iliyosimama pembeni, kabati jeupe la magurudumu lenye kioo mbele, akasubiri. Mzee akaja, akaiwasha, akabonyeza hapa na pale mpaka orodha ya Jumanne ikatokea. Kwanza Inspekta alilinganisha saa ya mashine na ya ukutani, kisha na ya mkononi mwake. Zilipishana dakika moja. Ndipo akamwambia Koplo asome orodha, na yeye akashika karatasi ya sponji.

"Mgonjwa wa kwanza," alisema Koplo, "mashine saa mbili na dakika ishirini na tano."

"Sponji saa mbili na kumi. Endelea."

"Wa pili, saa tatu na dakika ishirini."

"Sponji saa tatu na tano. Wa tatu?"

Koplo alisogeza uso karibu na kioo. "Saa nne na dakika ishirini na mbili."

"Soma tena."

"Ishirini na mbili, afande. Sponji umesema arobaini na moja." Sasa alikuwa amesahau kabisa kuogopa. "Kwa huyu mashine ilitangulia. Wamegeuza. Wameanza na mtoto wa jicho."

Inspekta alimgeukia mzee. Hakupandisha sauti, hakuwa na haja. "Kwenye maelezo yako umeandika ulikuwa humu muda wote."

Yule mzee alivua kofia yake ya kijani, akaikunja, akaikunjua. Unajua, kuna watu hawajui kudanganya, wakilazimika kufanya hivyo wanaugua. Huyu alikuwa amekonda kwa siku sita.

"Sponji ziliisha kwa mgonjwa wa pili," alisema. "Nikaenda stoo. Sipaswi kutoka mgonjwa akiwa mezani, na nimebakiza miezi minne tu. Niliporudi lenzi mpya ilikuwa imeshawekwa. Nikaona maajabu, lakini sikuuliza. Humu hakuna anayeuliza. Nikasimama kwenye saa yangu nikahesabu dakika mbili."

"Uliporudi walikuwa humu nani?"

"Daktari, nesi na mgonjwa."

"Sponji zilitoka na rangi gani?"

"Nilikuwa nimewapa mgongo, naangalia saa. Na taka zilichomwa jioni ile ile."

Inspekta aliandika yote, akamsomea, mzee akatia sahihi. Alipokuwa anavaa viatu vyake koridoni, Koplo alimwinamia.

"Afande, tumemaliza. Daktari hakungoja sponji, akaruka mbele. Mkono kaunyoosha, nesi kampa kinachofuata kama siku zote, bomba la kushoto."

"Hatujamaliza. Atasema ni kweli aliruka, lakini bomba alilopewa lilikuwa sahihi. Nani atambishia? Mabomba yamechomwa, sponji zimechomwa. Nataka nijue rangi ilikwenda wapi."

"Nani anajua?"

"Aliyelala mezani."

*

Mama mshonaji alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, kikombe cha plastiki kimefungwa juu ya jicho la kulia. Kando yake alikaa binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, ana rundo la madaftari mapajani na kalamu nyekundu sikioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani huyo? Sogea huku mbele, mwanangu. Hili la kushoto lina presha nalo, naona kama ninachungulia kwenye tundu la ufunguo."

Inspekta alisogea mpaka akaingia kwenye hilo tundu. Akajitambulisha. Mama alimsikiliza, kisha akauliza swali moja tu, bila kuzunguka.

"Nitaona?"

"Sijui, mama. Sitakudanganya. Mimi natafuta aliyekufanyia na namna alivyokufanyia."

"Haya. Uliza."

"Siku ile ulikuwa macho?"

"Macho kabisa. Ganzi ni ya jicho, masikio hawakuyagusa. Wamenifunika kitambaa, nasikia kila kitu, ila hakuna cha kusikia maana watu wenyewe wamenyamaza kama wanaibiana."

"Mashine uliisikia?"

"Mwanangu, mimi nimekaa na mashine miaka arobaini. Nikiwa jikoni natambua cherehani gani sindano imepinda. Ile yao ina mlio mwembamba, unapanda unashuka. Ulianza mapema. Ukaisha, nikajua basi, tumemaliza, naenda zangu. Kumbe bado, ndipo nikasikia mlango, na sauti ya mzee mmoja anahesabu dakika."

Koplo aliandika mbio. Inspekta alimgeukia binti. "Bandeji ilifunguliwa saa ngapi?"

"Jumatano, saa mbili kasorobo. Nilikuwepo."

"Jicho lilikuwaje?"

"Lilikuwa..." Binti alitafuta neno, akaliacha, akatoa simu. "Nilipiga picha nimtumie kaka yangu. Daktari alikuwa ameshainama kwa mgonjwa mwingine."

Inspekta aliipokea simu, akaikuza picha kwa vidole viwili. Kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, kilikuwa na ukungu, hilo alilitegemea. Lakini juu, chini ya kope iliyoinuliwa, pale mzee alipomwonyesha kijinjia kinapotobolewa, weupe wa jicho haukuwa mweupe. Palikuwa na baka la buluu, buluu ya wino mtupu, pana kama ukucha wa kidole kidogo.

"Mlimuuliza daktari hii buluu?"

"Nilimuuliza. Akasema ni dawa ya kuzuia kovu, kawaida, itafifia yenyewe. Na kweli imefifia, kesho yake jioni ilikuwa imekwisha."

Inspekta alikasirika, na alijua amekasirika, kwa hiyo aliitazama picha tena mpaka aweze kusema vizuri. Daktari aliliona lile baka. Aliliona Jumatano asubuhi, akajua limetoka wapi, akamdanganya mwalimu huyu mbele ya mama yake, na Ijumaa akaenda polisi kumshtaki mtu mwingine.

"Picha hii naomba unitumie," alisema. "Na usiifute hata simu ikijaa."

*

Daktari bingwa aliwapokea ofisini kwake saa saba. Alikuwa mtu mzima wa makamo, mpole, koti jeupe limenyooka, na alimkaribisha Koplo kiti kabla ya kukaa yeye.

"Nimesikia mlikuwa chumba cha upasuaji," alisema. "Natumaini mmepata mlichohitaji."

"Bado kidogo. Nataka nielewe mpangilio wako. Unaanza na kipi?"

"Njia ya maji kwanza. Kisha mtoto wa jicho. Miaka kumi na miwili sijawahi kubadilisha."

"Hata kwa yule mama?"

"Hata kwake. Imo kwenye ripoti ya upasuaji."

"Sponji ziliisha?"

Daktari alipepesa macho mara moja. "Kuna siku huisha. Tunasubiri."

"Jumanne mlisubiri?"

"Tulisubiri."

"Koplo, andika hilo. Tulisubiri." Inspekta alifungua jalada, akatoa karatasi mbili, akaziweka mezani kichwa kikimwelekea daktari. "Hii ya kushoto ni ya sponji. Ya kulia ni kumbukumbu ya mashine yako. Nisomee mgonjwa wa tatu."

Daktari alisoma. Alichukua muda mrefu kuliko karatasi ilivyohitaji.

"Saa ya mashine hukosea," alisema.

"Ilipatia kwa wa kwanza na wa pili, ikakosea kwa wa tatu?"

"Hata kama nilianza na mtoto wa jicho, na sisemi nilianza, hilo si kosa. Madaktari wengine ndivyo wanavyofanya. Nesi alitakiwa anipe rangi. Akanipa dawa. Kwa makusudi, au kwa uzembe, mnajua wenyewe."

"Dakika moja iliyopita hukuwahi kubadilisha miaka kumi na miwili."

Inspekta akaweka simu mezani, picha imewashwa.

"Baka hili ni la nini?"

"Dawa ya kovu. Nilimwambia mtoto wake."

"Dawa ya kovu nimeiona kwenye shashi asubuhi hii. Imepauka, unaweza kudhani ni maji ya kufulia. Hii ni ile rangi ya ndani, daktari, na iko nje. Uliilowesha kwenye sponji mwenyewe, chini ya hadubini, mbele ya macho yako. Sponji zilipogeuka wino ukajua bomba la kwanza lilikuwa limeingia wapi. Ulijua Jumanne hiyo hiyo, kabla yule mama hajashuka mezani."

Koti jeupe lilikuwa bado limenyooka, ila mtu aliyekuwa ndani yake alikuwa amesinyaa. Alisogeza kalamu, akairudisha.

"Unajua nimewapa kuona watu wangapi katika mji huu?"

"Wengi, na Mungu akulipe. Mimi nina jalada la mmoja."

"Sponji hazikuwepo," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Nilikuwa na wagonjwa wengine alasiri. Nikaona nisipoteze muda. Mkono ukanyooka. Sikukumbuka kwamba trei haijui nimeruka." Akainua uso. "Inspekta, tuandike ajali. Hakuna aliyekusudia. Nesi atoke, mimi nibaki na kazi yangu, watu waendelee kutibiwa. Kila mtu anapona."

"Ajali ingeandikwa Jumanne. Wewe uliandika nesi. Na kwa faili la wodini, tangu Jumatano umempa yule mama matone ya kuua vijidudu unavyojua havimo, ili madaktari wenzako wasitazame pengine." Inspekta alikusanya karatasi zake. "Mwite mganga mkuu. Umwambie mwenyewe kilichomo ndani ya jicho lile, sasa hivi, nikiwa nimekaa hapa. Atampeleka kwa bingwa wa kioo cha jicho leo. Kama lipo la kuokoa, liokolewe. Halafu tutaongozana kituoni."

Daktari alinyanyua simu ya mezani. Alibonyeza namba mara mbili, ya kwanza alikosea.

*

Saa tisa na robo nesi alitolewa mahabusu akakalishwa mbele ya Inspekta. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele amezibana nyuma kwa kamba ya kiatu, maana kibanio walimnyang'anya Ijumaa. Inspekta alimweleza yote bila kupamba: mashine, stoo, picha, daktari kukiri. Kosa la kukusudia limekufa. Atalala kwake leo.

Alitegemea machozi, au shukrani. Nesi aliendelea kutazama meza.

"Dada, umenisikia?"

"Nimekusikia, afande."

"Basi kuna nini?"

"Karatasi bado unayo? Ile ya maelezo yangu."

"Ninayo. Umeandika ulipanga trei kama siku zote. Ni kweli."

"Ni kweli, lakini haijakamilika. Mimi nilijua. Si pale nilipompa bomba. Pale mkono ulikwenda wenyewe, siwezi kukuambia nilifikiria nini, sikufikiria kitu. Lakini mashine ilipolia nilijua. Sponji zilikuwa hazijaja, na bomba la kushoto halipo. Nikafungua mdomo, nikasema 'Daktari.' Akainua kidole. Nikaufunga."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta akampa nesi ishara aendelee.

"Ningesema hata kwenye sponji, nilipomwekea la rangi mkononi. Sikusema. Siku tatu nimepita kitandani kwa yule mama nikimpa matone ya vijidudu, na sikusema. Nilijiambia atasema yeye. Kisha nikajiambia nikisema watanifunga. Wakanifunga hivyo hivyo."

"Ukiliandika hili," alisema Inspekta, "baraza la wauguzi litakuita. Cheti chako kinaweza kwenda."

"Najua."

"Jalada linajitosheleza bila hilo. Ninakwambia ukweli ili usije ukasema hukuambiwa."

"Andika, afande. Au nipe kalamu."

Alipewa kalamu. Aliandika ukurasa mmoja na nusu, akatia sahihi, akaandika na saa. Inspekta alilifunga jalada akamkabidhi Koplo, akamwambia apande pikipiki, akitaka akimbie kwa miguu, ila saa kumi imkute kwa mwendesha mashtaka. Nesi alikuwa amesimama mlangoni, hajaenda kwake.

"Wodi ile wanaruhusu wageni mpaka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na moja," alisema Inspekta, akachukua ufunguo wa gari.

Wodini walimkuta mama mshonaji ameshavalishwa gauni la safari. Bingwa wa kioo cha jicho alikuwa hospitali nyingine na gari lilikuwa linaandaliwa. Binti alikuwa anafunga mabegi. Nesi alisimama mwisho wa kitanda, upande ambao mama hawezi kumwona, akavuta pumzi.

"Mama, shikamoo. Mimi ni nesi niliyekuwa kwenye trei siku ile."

Mama aligeuza kichwa taratibu kuifuata sauti, mpaka akampata.

"Wewe ndiye uliyesema 'Daktari'?"

Nesi aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba anatazamwa na tundu la ufunguo, akasema, "Ndiyo, mama."

"Nilikusikia. Nikalala pale chini ya kitambaa nangoja umalizie."

Binti aliacha zipu ya begi nusu. Inspekta alibaki mlangoni, na hakuna aliyemtazama.

"Haya," alisema mama, akagonga kiti kando ya kitanda kwa kiganja chake. "Kaa hapa. Malizia."

Nesi akakaa, akamalizia.